Warumi 13 ndani ya matatu ya Jogoo Road

Jamu ilikuwa imeshika pale City Stadium, ile ya jioni ambayo dere anazima injini kabisa na kutoa simu. Kwa redio walikuwa wanaongea SHA, bima ya afya ya serikali, ile asilimia 2.75 inakatwa kwa mshahara, na kijana mmoja wa hudi nyeusi akasema kwa sauti kwamba yeye anakatwa kila mwezi bila kukosa, lakini mamake alipofika hospitali aliambiwa sistimu iko chini, alipe keshi.

Mzee wa kofia aliyekaa dirishani akamjibu, kijana, hata NHIF, ile bima ya zamani, ilianza na shida zake, wapeeni muda.

"Muda gani mzee? Kukata hawangoji muda."

Watu wakacheka. Konda akaingilia, akasema yeye hata hajui anajisajili wapi maana hana payslipu, hiyo asilimia yake itahesabiwa kwa nini, kwa fea ama kwa matusi anayokula kila siku. Dada mmoja nyuma akaanza kueleza vile mwenye kibanda anaulizwa maswali kuhusu choo na paa la nyumba ndio wajue atalipa ngapi. Mzee wa kofia akakubali kwamba hapo kuna maneno, lakini akauliza, na zamani huyo wa kibanda alikuwa na bima gani? Lilikuwa swali zuri. Ilikuwa inanoga, naapa ilikuwa imeshinda paneli zote za TV ambazo nimeona mwaka huu.

Alafu mama aliyekaa kando yangu, mkoba mapajani, hajasema neno tangu tutoke stage, akasema bila hata kuinua sauti:

"Hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Warumi kumi na tatu. Someni."

Basi.

Kijana akarudisha vile vitu vyake vya masikio. Konda akakumbuka hajamaliza kukusanya fea. Na mzee wa kofia, ambaye kusema ukweli ndiye alikuwa ameungwa mkono hapo, akageukia dirisha akaanza kuangalia magari. Mpaka Donholm hakuna mtu alitaja SHA tena.

Hiyo kimya imenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Kila nikiwasha redio inarudi.

## Joka

Wale mnacheza kadi mnajua. Mchezo unaenda poa, kila mtu anapanga vile atafunga, alafu mmoja anamwaga joka na wewe unaokota tano. Sema tu kwa kadi angalau uko na namna ya kuzuia. Pale kwa matatu hakukuwa na namna. Ukimjibu mama kwa takwimu za hospitali unaonekana mtu asiye na Mungu, tena unabishana na mtu wa umri wa mamako mbele ya watu. Ukimjibu kwa andiko lingine, na yako, Petro kwa Matendo 5:29 anasema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, sasa mko wahubiri wawili ndani ya matatu na mgonjwa bado analipa keshi.

Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Sio wa Krismasi tu. Kwa hivyo isisomwe kwamba nilikasirika kwa sababu Biblia ilitajwa.

Nilimhadithia mwenzangu wa kazi, huyo hana dini na hafichi, na jibu lake lilikuwa rahisi: siasa iongelewe kwa lugha ya kila mtu, Mungu abaki nje ya mlango. Kifungu cha 8 cha Katiba si kinasema hakuna dini ya taifa? Kinasema. Maneno machache tu, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kukariri.

Lakini fungua hiyo hiyo Katiba ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya kifungu chochote, unapata tunakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Wimbo wa taifa wenyewe ni sala, ukiuimba uwanjani unaomba, hata kama akili yako iko kwa mechi. Na sensa ya 2019 ilipata Wakristo asilimia 85.5, Waislamu 10.9, na wale walisema hawana dini yoyote asilimia 1.6. Ukimwambia mtu aliyelelewa hivyo aache Mungu nje ya mlango kabla hajaongea kuhusu haki, kodi, ama mtoto wa jirani aliyepigwa risasi, unamwachia maneno gani? Shangazi yangu hana njia nyingine ya kusema kitu ni kibaya isipokuwa kusema ni dhambi. Na akisema wizi wa dawa za hospitali ni dhambi, anaongea siasa kuliko wabunge wengi.

Kwa hivyo hiyo ya mlango ilinishinda kuamini. Nikabaki na swali moja, mbona aya ya huyo mama iliua mjadala, na kuna watu wengine wamekuja na Mungu wao mzima mzima na mjadala ukawaka zaidi?

## Msabato na zile fomu

Chukua David Maraga. Jaji Mkuu kutoka 2016 hadi 2021, Msabato asiyeomba radhi kwa Usabato wake. Kwa mahojiano ya JSC, tume inayoajiri majaji, aliulizwa, kesi ya urais ikiangukia Jumamosi utafanya nini, maana Mahakama ya Juu hupewa siku 14 pekee. Akajibu wazi hawezi kukaa kortini siku ya Sabato. Nakumbuka watu walivyolia, huyu ni wa hatari, huyu ataweka kanisa lake juu ya kazi.

2017 kesi ikakuja kweli. Kikao cha kwanza kikafanyika Jumamosi jioni, jua lishazama.

Na tarehe 1 Septemba akasoma uamuzi wa kufuta uchaguzi wa urais wa Agosti 8, majaji wanne dhidi ya wawili, na akamtaja Mungu hapo hapo mbele ya kamera.

Sa angalia. Mungu alikuwa ndani ya hiyo korti, hakuna mtu alimwacha mlangoni. Lakini uamuzi haukusimamishwa kwa jina lake. Ulisimama kwa zile fomu za matokeo ya kura, 34A na 34B, kwa matokeo yaliyotangazwa kabla fomu zote hazijafika, kwa seva ambazo IEBC, tume ya uchaguzi, iliagizwa ifungue na haikufungua vile iliagizwa. Wewe kama ni Mkatoliki, Mwislamu, ama kama mwenzangu wa kazi, ungeweza kuchukua hiyo hukumu uibishie ukurasa kwa ukurasa. Majaji wawili walibisha na wakaandika kwa nini. Uhuru Kenyatta, aliyekuwa ametangazwa mshindi, alibisha, akawaita wakora. Hiyo nayo ni kubisha, si nzuri, lakini hakuna aliyeambiwa kwamba akibisha anapigana na Mbingu.

Na pale ndio ile stori ya "Mungu ndiye huweka viongozi" huwa inanichekesha kidogo. Kama ni Mungu alichagua Agosti, basi majaji wanne walimpindua Septemba, alafu akachagua tena Oktoba 26 baada ya kusubiri wasimamizi wapange upya? Na 2022, Ruto asilimia 50.49 kwa 48.85 za Raila, hiyo 48.85 walikuwa wanapiga kura dhidi ya nani?

Swali langu kwa yeyote anayetumia hiyo aya limekuwa moja. Ungesoma hiyo aya kama yule mwingine angeshinda?

## Ama ni zile aya napenda tu?

Hapa ndio nilianza kujishuku, na nimekwama hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Kwa sababu mimi nimekua nikisikia majina fulani yakitajwa kwa heshima nyumbani. Okullu. Muge. Gitari. Njoya. Maaskofu na mchungaji waliosimama wakati wa mlolongo wa 1988, wakati wapiga kura walipanga laini nyuma ya picha ya mgombea na wa laini fupi akatangazwa mshindi mchana kweupe. Alexander Muge aliambiwa na waziri asikanyage Busia, akienda hatatoka akiwa hai. Akaenda. Akafa barabarani akirudi Eldoret, Agosti 14, 1990. Timothy Njoya alipigwa rungu nje ya Bunge 1999 dunia nzima ikiona. Julai 7, 1997 polisi waliingia mpaka ndani ya All Saints, kanisa kuu la Waanglikana Nairobi, wakapiga watu kwenye viti vya kanisa.

Hao walileta dini kwa siasa. Waliileta kwa mikono yote miwili. Na mimi huwashangilia.

Alafu 2010, kwa kura ya maoni ya Katiba mpya, makanisa mengi, mengine ni yale yale, yakasimama upande wa La. Hawakutaka kifungu cha utoaji mimba, hawakutaka mahakama za Kadhi ndani ya Katiba. Hapo mimi nilikuwa Ndio, na nakumbuka nikisema kwa hasira kwamba kanisa liachane na siasa.

Si unaona shida? Wakiwa upande wangu ni manabii, wakiwa upande ule wanaingilia.

Nilijaribu kusema tofauti ni ujasiri, kwamba wa kina Muge walihatarisha maisha. Lakini hiyo haifiki mbali. Juni 2010 mkutano wa La pale Uhuru Park ulirushiwa mabomu na watu wakafa wakiwa wanaomba na kuimba. Huwezi kuniambia wale hawakuhatarisha kitu. Nikajaribu kusema tofauti ni kwamba wa 1988 walikuwa upande wa wanyonge. Sawa, lakini anayepinga utoaji mimba naye atakuambia anatetea mnyonge kuliko wote. Unamjibu nini?

Ilibidi nirudi nisikilize hoja zenyewe badala ya kuangalia nani alikuwa timu gani. Na nikapata kitu sikutarajia. Ndani ya kambi moja ya La kulikuwa na watu wawili tofauti kabisa.

Mmoja alikuwa anauliza, kwa nini kodi yangu ilipe mahakama ya dini moja kama nchi haina dini ya taifa? Hilo ni swali. Linajibika. Unamwambia historia ya ile maili kumi ya Pwani, iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, makubaliano ya 1963 kati ya Jomo Kenyatta na serikali ya Zanzibar kwamba Kadhi wataendelea, unamwonyesha kifungu cha 170 kwamba Kadhi anashughulika tu na ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, na ni kwa Waislamu waliokubali kwenda kwake. Anaweza kukuambia bado sijaridhika, kwa nini urithi wa msichana uhesabiwe tofauti? Na hapo yeye amekushika, maana kifungu cha 24 chenyewe kinakiri kwamba usawa umelegezwa hapo. Mnaweza kukaa mpaka chai ipoe, na kila mmoja akaondoka na kitu.

Wa pili alikuwa anasema hii Katiba ni ya shetani.

Utajibu nini?

Wote wawili walikuwa wa dini, wote La, pengine benchi moja Jumapili. Na ukiangalia vizuri hata 1988 ilikuwa hivyo. Gitari hakusimama akasema serikali ya Nyayo, yaani ya Moi, ni ya shetani akashuka. Alikuwa anafungua sura, Danieli, ama lile shamba la mizabibu la Nabothi ambalo mfalme alilitamani, anaieleza mstari baada ya mstari mpaka mwisho, alafu anasema jambo ambalo chifu aliyekaa hapo mbele anaweza kulikana ama kulikubali: shamba fulani limechukuliwa, kura ya hapa iliibwa. Kama ni uongo, leta laini tuhesabu. Ndio maana walimjibu, kwanza kwa magazeti na kwa Bunge, alafu Aprili 1989 kwa genge lililovamia nyumba yake usiku akatorokea juu ya paa. Huwezi kumtumia genge mtu aliyesema kitu kisichoeleweka.

Na tena, hao maaskofu wa 2010 walishindwa. Asilimia kama 67 walipiga Ndio, nchi ambayo Wakristo ni wengi hivyo. Maana yake mamilioni walisikiliza mahubiri Jumapili, wakasema amina, wakaenda Agosti 4 wakaamua kivyao. Hiyo hunipa moyo kuliko hotuba yoyote.

## Wa South C

Kuna rafiki yangu wa South C, Mwislamu, tumesoma pamoja. Nilimpelekea haya mawazo yangu nikiwa najisikia mjanja kiasi, aya inayojibika na aya isiyojibika, nikangoja anisifu.

Akanijibu, "Bro, wewe unaongea ni kama wote tumepewa maiki moja."

Akanikumbusha IPK. 1992 vyama vingi vimerudi, kila mtu anasajili chama, na Waislamu wa Pwani wakaleta Islamic Party of Kenya ikanyimwa usajili kwa sababu ni ya dini, Mombasa ikawaka. Leo Katiba yenyewe, kifungu cha 91, inasema chama kisianzishwe kwa msingi wa dini, na yeye hana shida na hiyo kabisa. Shida yake ni kwamba tangu hapo yeye akisema "Uislamu unafundisha riba ni haramu, tuangalie haya madeni ya nchi" anaangaliwa kama mtu anataka kugeuza nchi. Rais Ruto akifungua mkutano kwa sala ya Kipentekoste, akileta wachungaji Ikulu, akisema atajenga kanisa ndani ya Ikulu na kwamba haombi mtu msamaha, hiyo inaitwa uongozi unaomcha Mungu.

"Dini yenu kwa siasa ni maadili. Yetu ni usalama wa taifa."

Nilitaka kubisha lakini niliona nitakuwa nabisha tu kwa mazoea. Sheria yangu ya kujibika ni nzuri kama wote wanaanza wakiwa wameaminiwa sawa. Wengine hawapewi hata nafasi ya kufikisha swali, wanajibiwa kabla hawajamaliza. Hapo sina dawa, na sijaona mtu mwenye dawa. Nimeanza tu kuangalia nani anaulizwa "una maana gani?" na nani anaulizwa "umetumwa na nani?"

## Shosho

Kipande hiki ndicho kilinifanya niandike, vinginevyo ningeachia hapo.

Shosho yangu wa Kirinyaga alikuja Nairobi kliniki ya macho, akakaa kwangu Umoja. Huyo ni mtu wa Gitari damu. Alimsikia akihubiri Kerugoya, anaweza kukuambia hata siku mvua ilinyesha. Nikasema hapa ndio nitapata mtu wa kunisaidia kukasirika. Nikamhadithia mama wa matatu na aya yake.

Akaendelea kuchambua maharagwe yake. Alafu akaniuliza:

"Hiyo gari ilikuwa na watu mnajuana?"

Nikamwambia hapana Shosho, ni matatu tu.

"Na hao waliokuwa wanaongea serikali, walikuwa wanaangaliana?"

Sikuelewa anaelekea wapi. Akanieleza polepole, kama mtu anaeleza mtoto kwa nini hachezi barabarani. Wakati wa Nyayo ukiwa kwa gari ya abiria na mtu mgeni aanze kusema serikali imeoza, hujui ni mtu amechoka kama wewe ama ni mtu ametumwa aone nani ataitikia. Ukiitikia, kuna watu hawakurudi nyumbani. Ukimnyamazisha kwa nguvu, unaonekana wewe ndio wa serikali na kijiji kitakuchukia. Basi kulikuwa na mama mmoja ama wawili kila mahali ambao walijua kutoa andiko. Warumi kumi na tatu. Anasema, watu wananyamaza, hakuna aliyeshikwa, hakuna aliyeaibika.

"Na wewe ulikuwa unasema?"

"Mara nyingi. Na Jumapili naenda kumsikia Gitari."

"Sasa Shosho, uliamini gani?"

Akacheka. "Wewe mtoto umesoma sana. Hiyo aya tulifichia watoto wetu."

Alafu akaongeza, na hii alisema kwa ukali kidogo, kwamba Gitari mwenyewe hakuwahi kuishia aya ya kwanza, na nikitaka kumjua Mkristo mwoga na Mkristo mwongo niangalie kila mmoja anasimama wapi kwa hiyo sura. Nikachukua Biblia yake. Aya ya nne inasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema. Aya ya sita inataja kodi! Kwa hivyo ile sura ya kuua mjadala wa SHA ilikuwa inaongea kodi kabisa, na ilikuwa imeweka sharti, ni kwa ajili ya mema. Sistimu ikiwa chini na mgonjwa amekaa benchi, hayo ni mema? Ungeweza kuanza mjadala mzima kutoka hapo.

Lakini hilo silo lililonikosesha usingizi. Ni ile "tulifichia watoto wetu."

Kwa sababu si lazima urudi hadi Nyayo. Baada ya Juni 25, 2024 na vijana wa maandamano ya kodi kuingia Bunge, tume ya haki za binadamu ilihesabu vifo 60 na zaidi kwa maandamano yale, na kufikia Desemba ilikuwa imehesabu visa 82 vya watu kutekwa tangu Juni, wengine walikuwa bado hawajapatikana wakati huo. Vijana wa hudi. Wengine kosa lao lilikuwa picha ya kuchora tu. Mama wa umri ule, amekaa ndani ya matatu, anaona kijana hajui kupunguza sauti, nyuma kuna watu hawajui, jamu haisongi.

Mimi nilisikia dini ikifunga siasa mdomo. Inawezekana ilikuwa hofu, na dini ndiyo ilikuwa nguo iliyokuwa karibu kuivisha.

Hiyo haimaanishi aya iko sawa kila mahali. Warumi 13 kutoka kwa mtu aliye na polisi, bajeti na helikopta si Warumi 13 kutoka kwa mama aliye na mkoba. Wa kwanza lazima asome mpaka aya ya nne, na asimame hapo aulizwe maswali. Wa pili, sidhani ninamdai chochote. Nikimbishia kwa Matendo 5:29 nitakuwa nimeshinda nini?

## Milioni 2.6 na mabati

Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa, wakataja kodi, wakataja SHA, wakataja utekaji, wakasema kuna utamaduni wa uongo serikalini. Vitu vyenye majina. Serikali ikajibu, ikasema mmekosea hapa na pale, angalieni takwimu. Mimi niliona raha, maana hata kama unaona maaskofu walikosea kwa SHA, sasa kuna kitu cha kupima.

Siku chache baadaye Rais akaenda kanisa la Soweto kule Kayole, akatoa milioni 2 za nyumba ya padri na laki sita za kwaya na watoto, akaahidi zingine na basi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akasema pesa zirudishwe, zile za ahadi zisipokelewe. Watu wengi walichukulia ni kiburi. Mimi niliona ni hesabu tu, utamwambiaje mtu mambo ya aya ya nne na umekalia kiti alichonunua?

Kwetu Waanglikana, tangu Septemba 2021 kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alisema mwanasiasa haongei madhabahuni, na wakubwa wamekaa pale mbele wakisikia. Inafuatwa. Lakini bahasha haina mdomo.

Kanisani kwetu sasa hivi paa la ukumbi wa Sunday school linavuja, na mheshimiwa ametuma ujumbe kwamba angependa "kushiriki ibada" na mabati. 2027 inanukia. Kwa kikao cha baraza nilipendekeza hivi, akija akae benchi kama sisi, na ibada ikiisha tutoke naye uwanjani, apewe maiki na sisi tuwe na maiki, aulizwe maswali ya bursary na ile kliniki yetu isiyo na dawa. Akitaka kujibu kwa Biblia ajibu, tutasoma naye sura nzima. Mabati tutanunua wenyewe polepole.

Vijana walipiga makofi. Mzee mmoja wa baraza, mtu ninayemheshimu sana, akasimama akauliza kama nimewahi kufundisha watoto arobaini chini ya paa linalovuja mwezi wa Aprili.

Sijawahi. Kikao kimeahirishwa mpaka mwisho wa mwezi, na mweka hazina ameambiwa alete bei ya mabati ya geji 30.